Nilisaini Badala ya Mama

Mama ni mwalimu mstaafu. Alifundisha darasa la tatu na la nne huko Muheza kwa miaka zaidi ya 30, na mpaka leo akipewa risiti dukani anaisoma mstari kwa mstari kabla ya kuikunja na kuitia kwenye pochi. Nalisema hili mapema ili uelewe uzito wa nilichokifanya Jumatano moja asubuhi, mwaka 2024. Ililetwa fomu ya ridhaa, ile ya mgonjwa kukubali kutibiwa. Mama alikuwa amekaa palepale kitandani, ana akili zake timamu, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba yake. Aliyeileta akanikabidhi mimi. Nikasaini bila kuisoma, nikamrudishia kalamu yake na asante juu.

Nianze nyuma kidogo. Mama ana sukari, tunaijua tangu 2011. Alikuja kwangu Tabata kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu, na kwa heshima ya harusi akavaa viatu vipya. Sukari ikikaa mwilini miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, miguu inakuwa na ganzi, na kitu ambacho mimi na wewe kingetufanya turuke yeye hakisikii kabisa. Viatu vilimchubua kidole gumba siku ya harusi. Aligundua siku ya tatu, tena kwa doa kwenye shuka, si kwa maumivu. Akaficha, maana nyumba ilikuwa na wageni. Mimi nilijua kwa harufu.

Nikampeleka kituo cha afya cha binafsi kilicho jirani, ninapopeleka wanangu wakishikwa na homa. Sitakitaja. Mapokezi tulilipa 10,000 ya kumwona daktari, tukafungua faili, tukaonyeshwa mlango. Ndani alikuwepo kijana mwenye koti jeupe, mchangamfu, mwenye haraka. Tukamwita dokta, akaitika.

Nikikumbuka sasa, hakuna swali hata moja aliloulizwa Mama. "Bibi ana sukari?" Nikajibu mimi. "Anatumia dawa gani?" Nikajibu mimi tena, na nikakosea: nilisema metformin mara moja kwa siku. Mama akasema kwa sauti ya chini, "Mara mbili." Hakuna aliyemsikia, hata mimi nilimsikia baadaye sana, usiku, nikiwa nimelala chali nikiyarudia maneno ya siku ile. Kijana akasema, "Hapa tunafanya usafi kidogo, tunaondoa hii nyama iliyokufa." Ndipo ikaja ile fomu, imeandikwa Kiingereza kitupu.

Pazia halikuvutwa. Nje ya mlango, ambao ulibaki wazi, kulikuwa na benchi lenye watu watatu na mtoto, na wote wanne waliuona mguu wa mama yangu. Kijana akakata, akasafisha, akafunga. Kati ya kukata na kufunga alitoa simu mfukoni akapiga picha mbili. Nilidhani ni za kwenye faili. Sukari haikupimwa. Tulilipa 85,000, tukapewa vidonge, na kwa dakika kama 40 tukawa tumemaliza. Nilitoka pale nimeridhika, tena nikawaambia watu nyumbani kwamba pale wanafanya kazi chapchap.

Siku ya nne mguu ulivimba mpaka kwenye kifundo, homa ikapanda. Tukakimbilia hospitali ya rufaa. Kipimo cha sukari kilisoma 24, yaani juu mno.

Daktari aliyetupokea huko alikuwa mama wa makamo, kitambulisho kipo kifuani. Alivuta pazia kwanza. Kisha akavuta stuli, akakaa, uso wake ukawa sawa na uso wa Mama, akasema jina lake na kwamba yeye ni daktari wa zamu wa upasuaji. Akauliza, "Mama, nikuite nani?" Mama akajibu, "Mwalimu." Likafuata swali ambalo sijawahi kulisikia hospitalini tangu nizaliwe: "Mwalimu, ungependa mwanao awepo tukizungumza, au atupishe?" Mama alinitazama kwa muda uliozidi kidogo nilioupenda. Akasema, "Abaki."

Alimweleza kwamba uchafu umeingia kwenye mifupa ya vidole viwili. Akamwambia wanataka kufanya nini, kwa nini, wakisubiri nini kinaweza kutokea, hatari ya dawa ya ganzi na ya kidonda kutopona ni ipi, na kama ipo njia nyingine. Fomu ya pale nayo ilikuwa ya Kiingereza, lakini aliisoma kwa Kiswahili huku kidole kikifuata mistari. Mama akavaa miwani, akaisoma tena mwenyewe, akauliza maswali mawili, akasaini. Vidole viwili viliondolewa usiku uleule.

Ile saa moja ndiyo iliyonionyesha kilichokosekana kule kwa kwanza. Nilikuwa nadhani ridhaa ni karatasi. Kumbe karatasi ni ushahidi tu kwamba mazungumzo yamefanyika. Kama mazungumzo hayakuwepo, sahihi inashuhudia nini? Na mwenye kuridhia ni mgonjwa mwenyewe, akiwa mtu mzima na anajitambua. Uzee si ugonjwa wa akili. Mimi nilikuwa na haki ya kumsindikiza, kumshikia mkoba na kulipa bili. Kumsainia sikuwa nayo, hata kama nimemlipia kila senti. Wakikuletea wewe fomu ya mzazi wako aliye macho, sogeza mkono wako uielekeze kwake. Kama hasomi, aelezwe kwa lugha anayoielewa mpaka aweze kuyarudia kwa maneno yake. Na akisema hapana, hiyo nayo ni jibu.

Nilimkabili yule daktari korido kesho yake, nikitaka aniambie kwamba wale wa kwanza ndio waliomponza Mama. Alikataa. Alisema kidonda kilikuwa na siku kadhaa kabla hakijafika kwa mtu yeyote, sukari ilikuwa juu, hawezi kusema vidole vingepona au visingepona. Nilimchukia kwa siku mbili. Leo namheshimu kwa hilo kuliko kwa upasuaji.

Siku ya kumi wodini, binamu yangu wa Tanga alinitumia picha kwenye WhatsApp na swali moja: "Huyu si shangazi?" Picha ilikuwa imetoka kwenye status ya mtu asiyemjua, ikapita kwenye makundi mawili matatu mpaka ikafika kwake, ina maneno juu yake ya kutahadharisha watu kuhusu sukari. Uso haukuonekana. Lakini mguu ulikuwa na hina ya harusi iliyoanza kufifia na lile kovu la utotoni, na pembeni ukingo wa kanga yake, maandishi yakisomeka vizuri: *Siri ya mtungi aijuaye kata*. Mtu yeyote wa kwetu angemjua.

Hapo nikafanya kosa la pili, na hili sina wa kusingizia. Kwa hasira nikaituma ile picha kwenye kundi la ukoo, watu 43, nikaandika: "Tazameni walichomfanyia Mama!" Nilitaka watu wakasirike pamoja nami. Wakakasirika. Wakaituma mbele pia. Jioni mama mdogo akampigia dada yake kumpa pole ya mguu, akataja hina. Mama akakata simu, akaniita.

"Yule kijana alinipiga picha hakuniuliza. Na wewe uliniuliza?"

Nilifuta, nikaomba ukoo wafute. Sijui wangapi walifuta.

Wiki iliyofuata nikaandika malalamiko, kurasa tano, kila sentensi ina alama ya mshangao. Nikaambatanisha ile picha, naam, bado sikuwa nimejifunza. Nikaelekeza kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo ndilo linalosajili madaktari wa Tanzania Bara. Kabla sijaituma nilimsomea Mama, nikitegemea sifa. Akaomba kalamu nyekundu.

Alifuta kurasa tatu na nusu. Kila mahali nilipoandika "mzembe", "muuaji", "hana utu" alipiga mstari na kuandika pembeni: *alifanya nini?* Alitaka tarehe, saa, nani alikuwepo, maneno gani yalisemwa. Habari ya vidole aliiacha sentensi moja tu: vilikatwa siku fulani, hospitali fulani. "Hatujui nani alivikata kwa kuchelewa," alisema. "Mimi nilificha siku tatu. Andika na hilo." Nikaandika. Picha akaitoa, akaweka maelezo kwamba ipo na ataionyesha ikihitajika, kwa atakayehitaji. Alikataa pia nitume bila kwanza kwenda kituoni kwenyewe. "Mzazi akija shule kulalamika, kwanza anamwona mwalimu mkuu."

Mwalimu mkuu wa kituo cha afya anaitwa mganga mfawidhi. Nilikwenda na barua nakala mbili, nikaomba wagonge muhuri wa kupokea kwenye yangu. Hili usilisahau, maana barua isiyo na muhuri huwa haijawahi kufika. Nikaomba pia nakala ya maelezo ya matibabu ya Mama, na nilikuwa na barua fupi yenye sahihi yake inayoniruhusu kuzichukua, kwa sababu faili ni lake, si langu. Mganga mfawidhi alisoma barua yangu, akanyamaza, akauliza, "Kwani nani amewaambia ni daktari?"

Hakuwa daktari. Alikuwa muuguzi.

Nikatafuta kichwani mahali alipotuambia yeye ni daktari, sikupata. Sisi tulimwita dokta, yeye hakukanusha, na risiti ilisema kumwona daktari. Sisi tunamwita dokta kila aliyevaa koti jeupe: afisa tabibu, muuguzi, mtu wa maabara, hata anayeuza duka la dawa. Ni heshima tu, lakini inatuponza siku ya kutaka kujua nani aliwajibika. Kila kada ina daftari lake na baraza lake. Baraza la Madaktari, kwa sheria ya mwaka 2017, linashughulika na madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi, wakiwemo maafisa tabibu. Wauguzi na wakunga wako chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, kwa sheria ya mwaka 2010. Wafamasia wana Baraza la Famasi, wa maabara wana lao, wa mionzi wana lao, na hata waganga wa tiba asili wana Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Zanzibar wana mabaraza yao. Barua yangu ingekwenda Dodoma mahali pasipo na jina la mtu huyo kabisa.

Kwa hiyo siku hizi nauliza mwanzoni, kwa upole: "Samahani, naomba kujua jina lako, na wewe ni nani hapa?" Mwenye leseni yake hachukii. Wengine hucheka, wananyoosha kitambulisho. Jina kamili ukilipata unaweza kuliuliza barazani kama limo kwenye daftari. Uliza mambo mawili, si moja: kama amesajiliwa, na kama leseni yake ya kufanya kazi iko hai. Usajili bila leseni iliyohuishwa ni kama kuwa na cheti cha udereva ukiwa huna leseni mfukoni.

Niseme pia, nisije nikawaonea wauguzi: kusafisha vidonda ni kazi yao, na wodini pale rufaa aliyekuwa akifunga mguu wa Mama kila siku alikuwa muuguzi, mkono mwepesi kuliko daktari yeyote. Tatizo halikuwa kwamba aligusa kidonda. Ni kwamba tulilipa kumwona daktari na hakuna daktari aliyemwona Mama, hakuna aliyepima sukari, hakuna aliyemuuliza yeye chochote, mlango ulikuwa wazi, na ile simu.

Mambo ya simu yalimkera Mama kuliko yote. Binti wa marehemu kaka yake ni muuguzi, na Mama alikuwepo siku walipohitimu, mabinti na vijana wameshika mishumaa, wanakariri kiapo cha Florence Nightingale. Kilichomkaa Mama akilini ni ahadi ya kutunza siri za mgonjwa. Alilirudia lile jambo mara nyingi wodini, akitazama ile kanga iliyokunjwa kwenye kiti. Nilimweleza kwamba mbali na kiapo ipo sheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inahesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti, na ipo Tume inayopokea malalamiko ya namna hiyo. Picha ya kidonda inaweza kupigwa kwa sababu nzuri, kulinganisha wiki kwa wiki au kufundishia wanafunzi. Lakini unaulizwa kwanza, unaambiwa inakwenda wapi, na unaweza kukataa bila matibabu yako kupungua. Ukiona simu inatoka mfukoni, uliza palepale. Mimi niliiona na sikuuliza.

Barua mpya, ukurasa mmoja na nusu, ilikwenda Baraza la Uuguzi na Ukunga kwa EMS, ile huduma ya haraka ya posta. Sahihi ni ya Mama. Jina langu limo kama shahidi tu.

Nani hulipa gharama zake? Wewe. Kati ya nakala, nauli, EMS na siku tatu nilizokosa kazini, nilihesabu kama 190,000, bila kuweka bili za hospitali. Na kuna jambo ambalo nilichelewa kulielewa: baraza la taaluma halikulipi fidia. Kazi yake ni mwenendo wa mtaalamu na leseni yake; linaweza kumwonya, kumsimamisha, au kumfuta kwenye daftari. Anayetaka fidia anakwenda mahakamani, na huko muda unahesabiwa, madai ya madhara ya namna hii yana kikomo cha miaka 3. Ndugu zangu wawili walitaka mahakama. Mama alisema hana vidole vya kwenda navyo mahakamani, akacheka peke yake.

Ndugu mmoja alipendekeza tukiweke kituo mtandaoni, jina na picha ya kijana, "wananchi wamhukumu". Nakiri nilishawishika. Lakini tungekuwa tunamfanyia alichomfanyia Mama, na juu yake tungejitafutia kesi sisi. Tuliacha.

Mganga mfawidhi alituita kabla baraza halijajibu. Walikuwepo yeye, muuguzi kiongozi na yule kijana. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Mama akanigusa goti, akasema yeye. Alimuuliza kijana kwa nini aliiweka ile picha. Kijana alisema alitaka watu waogope sukari, na kwamba hakudhani mguu una mwenyewe anayeweza kutambulika. Aliomba radhi. Mama hakusema amesamehe wala hajasamehe. Alimuuliza kama ameifuta kwenye simu, akaomba aione simu, akahakikisha, hata kwenye kile kipengele cha picha zilizofutwa. Pale kituoni siku hizi mapokezi wanakwambia unaingia kwa nani na ni wa kada gani. Sijui kama ni kwa sababu yetu.

Barua ya baraza ilikuja miezi mingi baadaye. Mama ameiweka kwenye bahasha pamoja na kadi zake za kliniki, na ameniomba nisiandike hapa ilisema nini. Haya mengine yote ameyasoma. Alifuta aya mbili na kurekebisha mnyambuliko mmoja.

Sasa anakwenda kliniki ya sukari kila mwezi, na mimi namsindikiza nikipata ruhusa. Mwezi uliopita tulimkuta daktari mgeni, kijana, koti jipya. Aliangalia faili, akaniangalia mimi, akaanza, "Bibi anaendeleaje na..."

Nikatazama dirishani. Kimya kilikuwa kirefu kidogo. Mama akavaa miwani yake.

"Mgonjwa ni mimi," akasema. "Na wewe unaitwa nani, mwanangu?"

Akajitambulisha, jina lote, na kwamba yuko kwenye mwaka wa mafunzo kwa vitendo chini ya daktari fulani wa chumba cha pili. Akageuza kiti. "Shikamoo, mama. Naomba niangalie mguu?"

"Marahaba," Mama akajibu, na akainama kuvua soksi.